JE, WAJUA? Injini ya dizeli inaweza kugoma kuzimika

Unafunga mafuta, lakini injini inazidi kunguruma. Hutokea. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kuna mashine za kusaga mahindi zinazoendeshwa na injini za dizeli za silinda moja. Nyingi za aina hii husafisha hewa kwa bakuli la oili linalonasa vumbi. Kiangazi bakuli hilo hujaa tope jeusi upesi, kwa hiyo lioshwe mara kwa mara.

Hatari ni kulijaza kupita alama. Injini huivuta oili na kuichoma badala ya dizeli, mwendo ukapanda, moshi ukatanda. Dawa ni kuinyima hewa: ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja. Ikishindikana, watu wote watoke nje.

Unapowasha kwa hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirusha nyuma, mkono huachia bila kuvunjika. Mkanda nao haurudishwi injini ikizunguka, na uwekewe wavu, maana vitenge vya wateja huning'inia. Ajali ikitokea, Hospitali ya Rufaa ya Mbarara haiko jirani.

Na mashine ya petroli ya kukatia nyasi? Chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu. Kukizungusha kwa mkono tu kunaweza kuiwasha.