Ukisahihisha, Sema Umesahihisha

Tarehe 29 Mei 2021, wiki moja baada ya Nyiragongo kulipuka, serikali ya Congo ilitangaza kwenye Twitter kwamba volkeno nyingine ndogo, Murara, nayo imelipuka mahali pasipokaliwa na watu. Saa chache baadaye, ndege ilipokwisha kupita juu ya eneo hilo, serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote, na ikawaomba wananchi watulie. Ni rahisi kuicheka serikali kwa kisa hicho, na kwa tangazo la kwanza inastahili. Lakini tangazo la pili lilikuwa kazi nzuri kuliko linavyosifiwa. Murara ni jina la volkeno, na pia ni jina la mtaa wa mji wa Goma, mmoja wa ile mitaa iliyokuwa imeamriwa kuhamwa siku mbili tu kabla. Aliyeliona jina hilo kwenye simu ya jirani, bila maelezo, angeweza kuamini kwamba moto umetokea katikati ya mji. Mtu huyo hasaidiwi na andiko lililofanyiwa marekebisho kimya kimya mahali asipopatembelea tena. Anasaidiwa na habari ya pili, yenye saa yake, inayomfuata njia ileile iliyopita habari ya kwanza na kumwambia kwamba ya kwanza haikuwa kweli.

Tabia iliyozoeleka siku hizi ni kinyume cha hiyo. Mtu anabandika habari, anaisoma tena, anabadili neno. Msomaji akimpinga kwenye maoni, anabadili sentensi nzima. Baada ya saa moja anaongeza jina la mtaa, jioni anapunguza idadi ya waliojeruhiwa, na asubuhi maneno ya juu ni mengine kabisa. Tarehe iko palepale, waliolipenda andiko ni walewale, na chini yake maoni yanabaki yakimjibu mtu aliyesema jambo ambalo sasa halipo. Msomaji anayefika saa hiyo anakuta watu wakishukuru kwa kuonywa wahame, chini ya maneno yanayosema hakuna haja ya kuhama. Naona kwamba katika mji kama Goma uhariri wa namna hii humfaa mwandishi na kumwacha msomaji pale alipokuwa. Habari inayogusa usalama wa watu inapaswa kusahihishwa kwa ujumbe mpya unaosema ni kitu gani kimebadilika.

Tuangalie jinsi mitandao yenyewe inavyofanya kazi. Facebook huhifadhi matoleo yote ya andiko lililohaririwa: ukigusa vidoti vitatu vilivyo juu yake pembeni, unaweza kuona historia ya uhariri, kila toleo na wakati wake. Lakini ni nani anayevigusa? Facebook haimwarifu aliyesoma saa mbili usiku kwamba saa tatu maneno yamegeuzwa. Twitter ilipoanza kuwaruhusu waliolipia kuhariri, Oktoba 2022, iliwapa dakika 30 na kuweka alama ya kuonyesha kwamba andiko limeguswa. WhatsApp ilitangaza uwezo huo tarehe 22 Mei 2023, miaka miwili kamili tangu usiku ule wa lava ya Nyiragongo; ni sadfa tu, lakini mtu wa Goma hawezi kuacha kuiona. Hapo una dakika 15, kisha kinaandikwa kineno kidogo pembeni kwamba ujumbe umehaririwa, bila kumwonyesha mpokeaji ulisema nini mwanzo. Na nakala ambazo watu wameshazisambaza kwenye makundi mengine haziguswi kabisa. Vilevile haiguswi picha ya skrini, wala sauti iliyorekodiwa na mtu wa Himbi akimsomea mama yake aliye Rutshuru kile alichokiona. Kuhariri andiko la asili baada ya hapo ni kukaza kamba za chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakati mzigo umeshauzwa sokoni Birere.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, tuseme mtu mmoja mwenye wafuasi wengi aliandika kwamba lava imeingia mtaa wa Majengo. Baada ya nusu saa akageuza iwe inakaribia Majengo. Kabla ya usiku wa manane akageuza tena iwe Majengo bado ni salama. Mfano huu nimeubuni, ila aliyekuwa kwenye simu usiku ule hatashangaa. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Toleo la tatu kwa hiyo ndilo lililokuwa la kweli, na mwandishi wetu angeamka asubuhi ukurasa wake ukiwa safi. Lakini aliyesoma toleo la kwanza alikuwa ameshabeba watoto na godoro akielekea mpakani, au ameshika njia ya Sake, simu ikiwa imezima au mega zimekwisha. Kwake yeye andiko lilikuwa moja tu, lile aliloliona. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe kwa sababu vipimo vilionyesha magma chini ya mji, hata chini ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Rwanda, na kwa mashua hadi Bukavu. Serikali haikutangaza kurudi kwa awamu mpaka tarehe 7 Juni. Katika siku kama hizo, jina la mtaa likiongezwa au kuondolewa kwenye orodha bila kusema, kuna nyumba inayohama bure na nyingine inayobaki isipopaswa kubaki.

Atatokea mtu aseme kwamba kuhariri ni adabu ya uandishi, na kwamba hakuna mwandishi aliyewahi kupata maneno sawasawa mara ya kwanza. Ni kweli, na herufi iliyoruka au jina la mtu lililoandikwa vibaya yarekebishwe mara mia bila kumtaarifu yeyote. Hata wale wanaorudi mara kumi kupanga alama za Kifaransa kwa kuogopa kuchekwa na waliosoma nao, mimi sina ugomvi nao. Hasara ni ya muda wao. Mpaka si mgumu kuujua. Jiulize kama mtu aliyesoma toleo la zamani angefanya jambo tofauti na yule anayesoma la sasa: angepita barabara nyingine, angelala kwingine, angemshuku mtu mwingine. Kama jibu ni ndiyo, hilo limeshapita kiasi cha herufi. Saa, mahali, idadi na jina la anayetuhumiwa viko upande huo.

Mwingine atasema ujumbe mpya kila mara huongeza kelele, na Goma haikosi kelele. Afadhali, kwa maoni yake, andiko moja linalosasishwa kuliko matano yanayopingana. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau kwamba habari zinazotofautiana si lazima ziwe zinapingana, mradi kila moja ina tarehe na mwenyewe. Chukua idadi ya waliokufa baada ya waasi wa M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Mamlaka za afya zilihesabu miili 773 hospitalini kufikia tarehe 30 Januari. Tarehe 5 Februari naibu mkuu wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, Vivian van de Perre, alisema miili 2,000 imeshaokotwa na kuzikwa, na mingine 900 bado iko mochari. Tarehe 24 Februari Waziri Mkuu Judith Suminwa aliliambia Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva kwamba waliouawa Goma wamezidi 3,000. Ukizisoma kwa mpangilio huo, unaona miili ikiendelea kuokotwa na hesabu ikiendelea kupanda. Ukizimimina zote katika andiko moja linalobadilishwa namba kila wiki, aliyeona 773 na aliyeona 3,000 watagombana, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo, na wote wawili watakuwa wamesoma ukurasa uleule. Kelele ya kweli inaanzia hapo.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linahusu usalama, na hapo narudi nyuma hatua kadhaa. Kuna wanaohariri kwa sababu walitaja jina la jirani, nyumba aliyojificha mtu, au barabara waliyopita wenye kukimbia. Katika mji uliokwisha kubadilisha walinzi na wakuu, sentensi iliyokuwa haina hatari asubuhi inaweza kumponza mtu jioni. Anayefuta sentensi kama hiyo afute upesi, asimweleze yeyote, wala asiache mkia wa maelezo unaomwonyesha mtafutaji mahali pa kuchimba. Kanuni ninayoitetea inahusu ukweli wa jambo ambalo msomaji atalitegemea kuamua. Haimlazimishi mtu kujianika. Hata hivyo, wanaotaja usalama ni wengi kuliko wanaohariri kwa ajili yake. Namba iliyotiwa chumvi ikipunguzwa baada ya kubanwa kwenye maoni, hakuna maisha ya mtu yaliyookolewa hapo. Iliyookolewa ni sura ya mwandishi.

Kuhusu sheria, wapo wanaoogopa kukiri kosa kwa maandishi kwa kuwa kanuni ya kidijitali ya Congo ya Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamtishia anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kifungo cha mwezi mmoja hadi sita na faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000. Hofu hiyo ina msingi. Lakini uhariri wa kimya haufuti picha ya skrini iliyo kwenye simu ya mlalamikaji. Unamwongezea tu ushahidi kwamba uliligundua kosa ukaamua kulificha. Aliyeandika hadharani kwamba alikosea, saa fulani, angalau ana kitu cha kuonyesha kuhusu nia yake.

Watu wa redio walilazimika kuyajifunza haya zamani. Kilichotoka hewani saa moja hakirudi, kwa hiyo mtangazaji wa Radio Okapi au wa redio nyingine yoyote akikosea hana njia ila kurudi kwenye maikrofoni, kutaja kosa na kutoa habari iliyo sahihi. Sisi tulio na simu tumepewa kitufe kinachotusamehe hatua hiyo, na tumekizoea upesi mno. Wanaosimamia makundi ya WhatsApp ya mitaa, kuanzia Kyeshero hadi Bujovu, wana uwezo wa kuanza kesho, bila kusubiri Kinshasa wala Facebook: waweke sharti kwamba taarifa yoyote ya hatari iwe na saa yake, na kwamba masahihisho yaje kama ujumbe mpya unaoanza na neno SAHIHISHO na kutaja kilichosemwa awali. Na wewe unayesoma, kabla ya kusambaza habari ya jana usiku, rudi kwenye ukurasa ilikotoka, gusa vile vidoti vitatu, uone ilikuwa inasema nini ulipoisoma.