Glavu haizuii sindano

Mtazame mzoa taka anavyobeba mfuko. Anaushika shingoni, anaunyanyua kwa nguvu moja, anauzungusha ili aurushe kwenye kirikuu, na kabla haujapaa unampiga pajani au kwenye muundi wa mguu. Ndani ya mfuko huo kuna maganda ya ndizi, pampasi, majivu ya jikoni na bomba la sindano alilotumia mgonjwa wa kisukari wa nyumba ya tatu, halina kifuniko. Sindano haimpati mkononi, kwenye glavu. Inampata pajani, imepita kwenye suruali.

Kwa hiyo kila ninapoona picha ya mgeni rasmi akikabidhi katoni za glavu na barakoa siku ya usafi, huwa najiuliza ni hatari ipi hasa imeondoka. Sisemi vifaa hivyo havina kazi. Lakini glavu nyembamba ya mpira haikutengenezwa kuzuia ncha ya sindano, na hata ile nene ya ngozi hupunguza tu. Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi. Kwanza uondoe hatari yenyewe, ikishindikana ubadilishe kifaa au mtambo, kisha ubadilishe namna kazi inavyofanyika. Mavazi ya kujikinga ni ya mwisho kabisa, baada ya hayo yote. Katika kazi ya taka sisi tumeanzia mwisho, na wengi wetu tumeishia hapohapo.

Tuanze na hiyo sindano. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia 30 katika kila 100. Kwa homa ya ini C ni kama 2 au 3 katika 100. Kwa virusi vya Ukimwi ni kama 3 katika kila 1,000. Hesabu hizi zilipatikana kwa kufuatilia wahudumu wa afya waliochomwa na sindano ambayo damu yake bado ni mbichi. Iliyolala jalalani ni habari nyingine, kwa kuwa virusi vya Ukimwi hudhoofika haraka nje ya mwili. Kirusi cha homa ya ini B kina ugumu wake: kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Mtaa ambao gari la taka hupita mara moja kwa wiki, sindano iliyotupwa Jumatatu bado ina uwezo wa kuambukiza Jumamosi.

Mitaani wengi huuliza kwanza kuhusu Ukimwi, na hofu hiyo inaeleweka. Lakini kwa hesabu hizo, ugonjwa wa kuhofiwa zaidi jalalani ni homa ya ini B, na ajabu ni kwamba huo ndio wenye chanjo. Tanzania na Kenya ziliiingiza chanjo hiyo kwenye ratiba ya watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake, kijana wa miaka 20 anayening'inia nyuma ya gari huenda alichanjwa akiwa mgongoni kwa mama yake. Mama wa miaka 45 anayefagia barabara hiyohiyo hakuipata, isipokuwa kama aliitafuta ukubwani. Dozi ni tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Katika mambo yote nitakayoyataja humu, hili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo ambalo kwenye makabidhiano ya glavu halitajwi.

Aliyechomwa afanye nini? Aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asilikamue, asilinyonye, wala asilimwagie jiki au spiriti, maana huko ni kuchubua nyama tu. Kisha aende kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema, hazianzwi baada ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Hapohapo aulizie chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda. Tatizo ni kwamba anayelipwa kwa tripu hujifuta damu kwa kitambaa na kuendelea, kwa sababu saa mbili za kupanga foleni kituoni ni tripu moja iliyopotea.

Hatari ya pili haina damu, kwa hiyo haimtishi mtu. Ni uzito. Taka za majumbani katika miji yetu, kwa zaidi ya nusu, ni mabaki ya chakula na majani: maganda ya mihogo, machicha ya nazi, matikiti, ugali uliolala. Vyote hivyo vimejaa maji. Chukua pipa la lita 200, lile la mafuta lililokatwa mdomo. Taka mbichi zikiwa na wastani wa gramu 400 kwa lita, pipa likijaa lina kilo 80, na mvua ikinyesha juu yake linazidi. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kunyanyua kwa mikono, na hiyo ni pale mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda. Kijana wetu anaunyanyua kutoka chini, anajipinda nao, kisha anaupandisha juu ya kichwa, kwa sababu mwenye kirikuu ameongeza mbao pembeni ili gari libebe zaidi. Kila ubao uliopigiliwa pale unaongeza sentimita kwenye safari ya mzigo, na mabega ndiyo yanayoilipa.

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini kama gololi ya ute iliyofungwa kwa nyuzi ngumu. Ukiinama huku umejipinda na mzigo mkononi, ute husukumwa nyuma, kwenye upande wenye nyuzi dhaifu, karibu na mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Nyuzi hazikatiki siku moja. Zinachanika kidogo kidogo kwa miaka, mpaka asubuhi moja mtu anainama kufunga gambuti na hawezi kuinuka. Akifika hospitali anaulizwa alinyanyua nini jana, na jibu la kweli ni kwamba jana hakunyanyua chochote cha ajabu. Dawa ya hili haiuzwi duka la vifaa kinga. Ni mapipa madogo yenye vishikio viwili, ni gari lenye bodi fupi, ni watu wawili kwa mzigo mmoja.

Barabara nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayoua. Nchini Marekani, kwenye magari yenye mitambo ya kubinya na mavazi yanayong'aa, uzoaji taka mwaka baada ya mwaka huwa kwenye orodha ya kazi 10 zenye vifo vingi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wafanyakazi, juu ya upolisi. Magari yanahusika na sehemu kubwa ya vifo hivyo: mtu kugongwa na wapitao, kuanguka, au kukanyagwa na gari lake mwenyewe likirudi nyuma. Kama kwao hali ni hiyo, mtu anayepanda juu ya lundo la taka kwenye kirikuu kinachokimbia Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, anajua mwenyewe amejishikiza wapi.

Kuna pia kile kinachoingia kwa pumzi. Chakula kinapooza kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, bakteria na kuvu huongezeka upesi mno. Ganda la nje la baadhi ya bakteria hao lina sumu iitwayo endotoksini, ambayo hubaki hata bakteria mwenyewe akishakufa. Mfuko ukipasuka au taka zikimwagwa, vumbi hupaa likiwa limebeba ganda hilo pamoja na mbegu za kuvu. Denmark walilijifunza hili kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kipya cha kuchambua taka kilifunguliwa, na ndani ya miezi michache wafanyakazi kadhaa wa kundi lake dogo waligundulika kuwa na pumu. Kilikuwa kiwanda cha kisasa, ila vumbi la taka zilizooza lilikuwa limefungiwa ndani pamoja na watu. Barakoa ya kitambaa haichuji chembe ndogo kama hizo. Kinachopunguza sumu ni kuondoa taka kabla hazijaoza sana, yaani ratiba ya gari, jambo ambalo mzoa taka hana uamuzi nalo.

Na panya. Julai 2022 Wizara ya Afya ilipotangaza homa ya mgunda mkoani Lindi, wengi tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia mchubuko au macho. Mtu mwenye jeraha kwenye kisigino anayekanyaga maji ya jalala amevaa kandambili ameufungulia ugonjwa mlango. Hapa niwe mkweli kwa upande wa vifaa: gambuti zisizovuja zinasaidia sana.

Mwisho wa safari ni dampo, iwe Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam, Dandora jijini Nairobi au kwingineko. Lundo la taka si kilima cha udongo. Ndani yake kunaoza bila hewa, na gesi ya methani huzalishwa. Ikipata cheche, moto huwaka chini kwa wiki nzima bila ndimi kuonekana. Maji ya mvua yakipenya, lundo huwa zito huku tabaka za plastiki zikiteleza moja juu ya nyingine. Machi 11, 2017, dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Agosti 10, 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, baada ya mvua kubwa, na waliokufa walizidi 30. Sehemu zote mbili lundo liliwafukia watu waliokuwa wakiishi ubavuni mwake. Huko dampo, mipaka ya kazi na nyumbani hufutika. Utafiti uliofanywa kwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kutolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na Dandora, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo.

Sasa turudi kwenye ile ngazi ya kinga. Hatari nyingi nilizozieleza hazizaliwi dampo wala kwenye gari. Zinazaliwa jikoni kwetu, pale tunapotia kila kitu kwenye kiroba kimoja. Mjini Pune, India, wanawake waliokuwa waokota taka wana ushirika uitwao SWaCH, ambao tangu 2008 unakusanya taka nyumba kwa nyumba kwa makubaliano na manispaa. Walichoka kushika pedi zilizotumika kwa mikono. Hawakuomba glavu nzito zaidi. Waliwaomba wenye nyumba wazifunge pedi na pampasi kwenye gazeti na kuchora juu yake duara jekundu. Kalamu moja ya rangi, na mkono unajua pa kutogusa kabla haujagusa.

Kwetu ingewezekana kuanza na sindano: ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ile ya juisi au sabuni ya maji, na chupa ikijaa robo tatu irudishwe kliniki ya kisukari, ambako maboksi ya ncha kali yapo tayari. Kenya imeshaandika kwenye Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 kwamba taka zitenganishwe zinakozalishwa. Wengi huijadili kama sheria ya mazingira na ya biashara ya plastiki. Mimi naisoma kama sheria ya usalama kazini.

Sheria za kazi zenyewe hazikosekani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, inayomtaka mwajiri atoe vifaa kinga na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015. Juni 2025 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 192, wa kwanza kuhusu hatari za vimelea kazini. Ugumu uko kwenye neno mwajiri. Kikundi cha mtaa kilichopewa zabuni kina mwenyekiti, mhasibu na vijana wa kutwa. Mwokota chupa wa dampo ana mnunuzi wa kilo tu. Akichomwa, dai la fidia aandike jina la nani?

Na zabuni hizo hushindaniwa kwa bei. Anayetaja bei ya chini hupata mtaa, na cha kwanza kukatwa kwenye hesabu ni kile kisichoonekana barabarani: chanjo, mtu wa pili kwenye pipa, siku ya pili ya gari. Halmashauri ikitaka, inaweza kuviondoa kwenye ushindani. Iandike kwenye mkataba kiasi kisichobadilika kwa kila mfanyakazi, cha dozi tatu za homa ya ini na vipimo vya afya, kiwe sawa kwa waombaji wote, na malipo ya mwezi wa saba yasitoke mpaka kadi za chanjo zenye dozi ya tatu zifike kwa ofisa afya wa kata.