SOMO LA LEO: KUGAWA URITHI BILA KUSHTAKIANA

Walio katika vikundi, chagueni mmoja wenu aandike. Leo twazungumza habari za urithi: jinsi ndugu wa hapa Tanzania wanavyoweza kumaliza ugomvi wa mali ya marehemu bila kushtakiana.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amefariki. Ameacha mjane, watoto watatu, shamba la kahawa la ekari 4, ng'ombe 3, na deni dukani. Mwana wa kwanza asema, "Mimi ndiye mkubwa, shamba ni langu." Dada yake ajibu, "Na mimi je, sikuzaliwa na baba?" Mama anyamaza. Wakishtakiana, ng'ombe mmoja atauzwa kwa ajili ya nauli na wakili, na wa pili atamfuata. Mikahawa nayo haingoji hukumu. Atakayeshinda kesi atarithi magugu.

Wafanye nini basi?

Kwanza, wahesabu kabla ya kugawa. Ugomvi mwingi huanza kwa sababu kila mtu ana hesabu yake kichwani. Waandike mali yote, madeni yote na warithi wote, hata aliye mbali. Wamwulize mama ni kipi alichokinunua mwenyewe. Kilicho chake si urithi. Gharama za mazishi na madeni yalipwe kabla mrithi yeyote hajapokea kitu.

Pili, waite kikao cha ukoo. Mwenyekiti awe mzee asiye na fungu katika mali hiyo. Kila mmoja aseme bila kukatizwa, mjane na binti vilevile.

Tatu, waijue sheria inayowahusu. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana: mume akiacha watoto, mjane hupata thumuni, na fungu la mwana ni sawa na mafungu mawili ya binti. Wanaofuata mila wakumbuke kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ya kijiji.

Nne, wakishindwa kupatana juu ya shamba, waende kwenye baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu.

Wakipatana, waandike nani kapata nini na mipaka ni ipi, kisha watie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi. Muhtasari huo waupeleke mahakamani ili msimamizi wa mirathi athibitishwe. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu ni mahakama ya mwanzo. Hapo hawaendi kushtakiana. Waenda kupata barua ya kubadilishia jina la hati au kutolea fedha benki.

Lakini angalieni: mkubwa akiwatisha wengine watie sahihi, hayo si mapatano. Aliyedhulumiwa asione haya kwenda mahakamani. Ni haki yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika mfano wetu, deni la dukani lilipwe lini, na kwa nini?
2. Katika ukoo wenu, ni nani afaaye kuwa mwenyekiti asiye na fungu?
3. Je, mali yako mwenyewe umeiandika?

Kwaherini mpaka somo lijalo.