KUANGUKA KWA WAZEE MAKAZINI: SABABU NA KINGA

Katika karne ya 19 mji wa Tabora ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Leo katika mji huo yapo Makazi ya Wazee ya Ipuli, yanayoendeshwa na Serikali kwa ajili ya wazee wasiojiweza. Kwetu Visiwani, makazi ya aina hiyo yapo Sebleni na Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba. Bara na Visiwani, hatari moja humwandama mzee chumbani mwake, nayo ni kuanguka.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamepita umri wa miaka 60. Mifupa ya mzee ni myepesi kuvunjika, hususan ya nyonga. Aliyevunjika nyonga hulala kitandani muda mrefu, na kulala huko huleta vidonda, damu kuganda na homa ya mapafu. Hivyo, mauti yanayosemwa kuwa ni ya homa ya mapafu huenda yalianzia katika sakafu yenye maji.

Ni desturi kusema kwamba mzee ameanguka kwa sababu ya uzee. Kauli hiyo haitoshi, kwani sababu nyingi zinaondoleka: giza la njia ya chooni, kandambili zilizolika, choo cha kuchuchumaa kisicho na mshikio, mtoto wa jicho, na dawa za usingizi au za shinikizo la damu zinazoleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Aidha, aliyewahi kuugua ukoma huweza kukosa hisi nyayoni, asijue anapokanyaga.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba wazee wengi huficha kuanguka kwao, ama kwa kuona haya ama kwa kuchelea kuzuiwa kutembea. Kumzuia si dawa. Miguu isiyotumika hudhoofika, na hatari huzidi. Aliyeanguka mara moja yu karibu na kuanguka tena. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hivyo basi, watumishi wa makazi na jamaa wanaokaa na wazee wanakumbushwa yafuatayo:

1. Kumuuliza mzee kwa upole kama ameanguka, na kuandika saa, mahali na sababu.

2. Kuweka taa na mshikio chooni, na kukausha sakafu.

3. Kumpatia mkongojo unaolingana na kimo chake, na kumshauri akae kitako kidogo kabla ya kusimama.

4. Kumwomba daktari azipitie dawa zake na kumpima macho.

Mzee aliyeanguka asinyanyuliwe kwa pupa. Mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, alazwe juu ya ubao na kupelekwa hospitali. Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa wiki kadhaa. Akianza kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa, apelekwe bila kuchelewa.