Pambo la kale au sarafu ya juzi? Jinsi ya kutambua kilichofukuliwa ardhini Dzaleka

Kitu cha metali kinapochimbuliwa katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, swali la kwanza huwa ni bei. Wanaakiolojia huanza na jingine: kilikuwa mahali gani hasa, chini kiasi gani, na kando yake kulikuwa na nini?

Dzaleka ipo wilayani Dowa, takriban kilomita 40 kutoka mji mkuu, Lilongwe. Kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza lililowafunga wapinzani wa Rais Kamuzu Banda, na jina lake hufasiriwa kwa Kichewa kuwa "sitarudia tena". Hivyo pete iliyofukuliwa hapo yaweza kuwa ya mfungwa, ya askari aliyemlinda, ya mkulima wa zamani, au ya familia iliyokimbia Congo, Burundi au Rwanda.

Sarafu zenye tundu ni mfano mzuri. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo Malawi ilikuwa sehemu yake, lilitoa peni za namna hiyo kuanzia mwaka 1955. Dola Huru ya Congo ya Mfalme Leopold II ilikuwa na senti zake zenye tundu na nyota tangu 1887. Zikitiwa uzi, zote hugeuka vidani. Lakini ile ya Congo ikipatikana Dzaleka, huenda ilifika ndani ya mzigo wa mkimbizi miaka 20 tu iliyopita.

Hali ni hiyo hiyo kwa misalaba ya shaba ya Katanga, iliyotumiwa kama fedha kwa karne nyingi na kukutwa makaburini Sanga, katika bonde la Upemba. Mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Nakala zake huuzwa kwa watalii, kwa hiyo umbo pekee si ushahidi.

Tarehe inayodanganya

Mtego maarufu zaidi ni reale ya fedha ya Maria Theresa. Ina mwaka 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20, na masonara wa pwani waliiyeyusha kufua bangili. Namba kama 925 kwenye fedha au 750 kwenye dhahabu hueleza usafi wa metali, si umri wake. Sonara wa Lilongwe aweza kuthibitisha usafi huo; umri ni kazi ya mwingine.

Kifaa cha kutambua metali nacho kina upofu wake. Hulia kwa msumari na kizibo cha soda sawasawa na kwa pete, na hakisikii kabisa kioo wala kauri. Anayekitegemea huzipita shanga, ambazo mara nyingi ndizo zenye habari. Ushanga mwekundu wenye kiini cheupe kwa kawaida ni wa karne ya 19 au baadaye. Msafiri Richard Burton aliandika mwaka 1860 kwamba shanga nyekundu za samsam ziliitwa pia "kimara-pamba", kwa maana ya kumaliza chakula, kwani wanunuzi walitoa akiba yao kuzipata.

Kosa linaloharibu zaidi ni kusafisha. Limau, mchanga na brashi ya waya huondoa kutu ya kijani pamoja na alama zilizo chini yake, na hata nyuzi za nguo zilizogandia hapo. Ni heri kupiga picha kabla ya kuinua kitu, kupima kina na kuandika mahali.

Sheria ya Malawi ya mwaka 1990 kuhusu malikale inataka ugunduzi uripotiwe serikalini, na kupeleka kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Bangili ya bibi iliyobebwa kutoka Bukavu ni jambo jingine: hiyo ni mali ya familia, na anayejua asili yake ni mzee aliyeibeba. Maelezo yake yakiandikwa angali hai, hakuna atakayelazimika kuyabahatisha baadaye.