Laki Mbili za Krismasi: Ziishie Mkononi mwa Nani?

Tuchukue familia ya Dar es Salaam yenye watoto wawili, binti wa miaka minne na kaka yake wa miaka saba. Ukiondoa chakula cha sikukuu na nauli ya kwenda kwa babu na bibi, wamebakiwa na shilingi 200,000 za nguo, zawadi na sadaka. Fedha hiyo inaweza kuisha asubuhi moja Kariakoo. Inaweza pia kuwavalisha watoto wote wawili, kumpa kazi fundi wa mtaani na kumfikisha mtoto wa jirani shuleni Januari. Bei ninazotaja hapa ni za kukadiria, maana Kariakoo bei ya asubuhi si ya jioni, sembuse ya wiki ya Krismasi. Ninachotaka tuangalie ni tofauti kati ya chaguo moja na jingine.

Nguo ndizo zinazokula fedha nyingi, kwa hiyo tuanze hapo. Gauni la dukani lililotoka nje, lenye neti na vimetameta, tuseme ni 35,000. Suti ya mvulana nayo haipungui hapo. Watoto wawili, 70,000. Gauni hilo litavaliwa Krismasi, pengine Mwaka Mpya, na harusi moja kama ipo. Neti inawasha ngozi ya mtoto mdogo, na joto la Desemba la Pwani mnalijua.

Njia ya pili ni mitumba. Pale Karume, Ilala, kwa 5,000 hadi 10,000 unapata nguo ya pamba iliyoshonwa vizuri, na mchuuzi anayekuuzia anaishi kwa faida hiyo ndogo. Wapo wanaoikataa kwa sababu imevibana viwanda vyetu vya nguo, na hoja yao ni ya kweli. Hata hivyo mtoto wa miaka minne anakua kila baada ya miezi michache, na nguo ya kushindia iliyokwisha kutengenezwa inapata maisha ya pili bila kuhitaji pamba wala rangi mpya. Kwa nguo za kila siku, mimi nachagua mitumba bila kusita.

Kwa nguo ya sikukuu, namchagua fundi cherehani. Kitenge cha yadi sita, tuseme 20,000, kinatoa gauni la binti na shati la kaka yake, na kipande kinabaki. Ufundi ukiwa 10,000 kwa kila nguo, jumla ni 40,000. Umeokoa 30,000, na nusu ya fedha uliyotoa imebaki mtaani kwenu, kwa mtu ambaye naye ana watoto wanaosubiri Krismasi. Mwambie aache upindo wa sentimita tano chini na nafasi ya kutosha ubavuni, ili Krismasi ijayo gauni lifumuliwe na kushushwa badala ya kutupwa. Nenda katikati ya Novemba. Ukifika tarehe 20 Desemba utaambiwa “njoo kesho” mpaka sikukuu ipite, na kosa halitakuwa lake: atakuwa anakesha kwenye cherehani kwa ajili ya wateja waliochelewa. Mpe kishika uchumba ili anunue uzi na zipu bila kukopa, na usimshushe bei mpaka jasho lake likose thamani.

Kuhusu kitambaa chenyewe, maandishi ya pembeni hayatoshi kukuhakikishia ni pamba. Chomoa nyuzi chache ukingoni, uzichome mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Wakulima wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanalima pamba, na sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa bado ni nyuzi ghafi. Muuza duka akikuonyesha kitenge au kanga iliyotengenezwa nchini, na bei ikiwa imezidi kwa elfu mbili tatu tu, nyongeza hiyo ni halali yake.

Sasa vitu vya kuchezea. Hapa kitu cha kwanza kupima ni usalama, bei ifuate. Midoli inayoimba na magari yanayowaka taa mara nyingi hutumia betri ndogo za duara. Mtoto akiimeza moja ikakwama kwenye koo la chakula, inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Kama mfuniko wa betri haujafungwa kwa skrubu, rudisha mdoli rafuni, hata kama ni 3,000 tu. Ukihisi mtoto amemeza betri, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, usingoje dalili. Kwa walio chini ya miaka mitatu kuna kipimo cha nyumbani: kipande chochote kinachopenya kwenye bomba la katoni la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Maputo yaliyopasuka yaokotwe mara moja.

Gari la plastiki la 8,000 likivunjika gurudumu kabla ya Mwaka Mpya, umelipa zaidi ya elfu moja kwa kila siku ya kucheza, na taka zimebaki kwako. Kile kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi, kikijazwa vitambaa, ni mdoli wa binti wa miaka minne; macho yatariziwe kwa uzi, vifungo visitumike. Wanaopenda kununua wana mahali pa kwenda. Iringa kuna Neema Crafts, karakana iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha, inayofundisha na kuajiri watu wenye ulemavu. Dar es Salaam kuna Mabinti, kituo kilichoanzishwa na hospitali ya CCBRT, ambapo wanawake waliotibiwa fistula hujifunza kushona na kuchapa vitambaa. Bei zao huwa juu ya zile za Kariakoo, wala sioni sababu ya kulificha hilo. Kwa familia yetu, kitu kimoja kutoka huko ambacho watoto watashirikiana kinatosha.

Zawadi ninayoipigia debe zaidi ni kitabu. Hadithi ya Kiswahili yenye picha mara nyingi inapatikana kwa bei ya lile lile gari la plastiki, na ikitoka kwa mchapishaji wa hapa, kama Mkuki na Nyota au E&D Vision, umemlipa mwandishi, mchoraji na muuza vitabu kwa pamoja. Duka la vitabu la TPH, Barabara ya Samora, ni mahali pazuri pa kumpeleka mtoto achague mwenyewe. Kama mfuko umebana, African Storybook inatoa kwenye intaneti hadithi za bure za watoto, za Kiswahili zikiwemo. Chapisha moja steshenari, ibane kwa pini, umwachie mtoto apake rangi. Kwa kurasa 16, kwa 200 kila moja, ni 3,200.

Tuseme basi vitu vya kuchezea na vitabu vya watoto wote wawili vimekula 40,000. Pamoja na nguo ni 80,000. Imebaki 120,000, na hapa ndipo ninapoomba familia ifikiri kwa makini zaidi, kwa sababu kutoa vibaya kunaumiza.

Kikapu cha sikukuu cha supamaketi cha 50,000 cha kumpelekea jirani mwenye shida kina biskuti, juisi, chupa mbili tatu na karatasi ya kung'aa. Kwa fedha hiyo hiyo, ukifungasha mwenyewe, unapata mchele kilo tano kwa 15,000, maharage kilo mbili kwa 6,000, sukari kilo mbili kwa 6,000, lita moja ya mafuta kwa 6,000 na sabuni ya 3,000. Hiyo ni 36,000. Kwa 14,000 zilizobaki unapata kilo ya nyama na kikapu cha ukindu ambacho mama atakwenda nacho sokoni mwaka mzima. Mkiwa kwenye kikoba, nunueni gunia zima la mchele mgawane. Bei ya jumla itawaachia kilo za kumwongezea mwenye shida.

Namna ya kumfikishia ni muhimu kuliko kilichomo. Usiwapange watoto wa watu mbele ya kamera. Mpe mzazi zawadi kabla ya sikukuu, faragha, ili mtoto wake aipokee kutoka kwa mama au baba yake mwenyewe. Usipojua pa kuanzia, muulize balozi wa mtaa au kiongozi wa jumuiya yenu. Wao wanajua nani amefiwa, nani amepoteza kazi, na nani anaona haya kuomba. Wanao washiriki kwa kupima mchele na kuchagua nguo zao nzima za kugawa, zifuliwe na kupigwa pasi. Nguo iliyochanika ni ya kudekia.

Ukitoa 50,000 za kikapu hicho, zile 70,000 zilizobaki zisitumike Desemba kabisa. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi, na Januari ndiyo inayomkuta mikono mitupu. Sare 25,000, viatu 20,000, begi 15,000, madaftari na kalamu 10,000: mtoto mmoja anaingia darasa la kwanza akiwa kamili. Vituo vya kulelea watoto navyo vina hali hiyo hiyo. Sikukuu wageni hupishana na maboksi ya biskuti, Februari hakuna anayebisha hodi. Kabla ya kupeleka chochote, uliza kama kituo kina leseni inayotakiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na uulize orodha ya mahitaji. Wengi wa watoto wanaolelewa vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai, kwa hiyo uliza pia kituo kinafanya nini kuwarudisha nyumbani. Mkuu wa kituo anayekujibu bila kukasirika anastahili fedha yako.

Na kama mwaka huu laki mbili hazipo, bado kuna cha kutoa. Ajali na uzazi haviendi likizo, na Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapokea damu kutoka kwa mtu mzima mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Kula kwanza, kunywa maji ya kutosha, na mwache mtoto wa miaka saba aje aone.