Mali bila daftari: minazi ya Bagamoyo na ibara ya 24

Mthamini wa fidia akifika shambani haanzi na Katiba, anaanza na miti. Anapita na mwenye shamba pamoja na kiongozi wa kijiji, wanahesabu: minazi inayozaa, minazi michanga, miembe, mikorosho. Wakimaliza shamba wanakwenda nyumbani, wanapima vyumba, wanaandika kama paa ni la bati au makuti. Mwisho mwenye mali anasimama mbele ya nyumba yake, anashika kibao chenye namba, anapigwa picha.

Watu wa Zinga, Kiromo, Pande na Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, wanaijua shughuli hii. Huko ndiko ilikopangwa kanda maalumu ya kiuchumi na bandari kubwa ya Mbegani. Makubaliano ya bandari yalitiwa saini mwaka 2013, Rais Xi Jinping wa China alipokuja nchini. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akaukataa mradi kwa masharti yaliyokuwa mezani. Katika safari ndefu kama hiyo, aliyekwisha kuhesabiwa minazi na hajalipwa hubaki njia panda: apande mingine, au angoje?

Basi Katiba inamfaa nini mtu huyu?

Katiba yetu ya 1977 ilizaliwa bila orodha ya haki zinazodaiwa mahakamani. Haki hizo ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisikiliza Machi 1988. Ila haki za Katiba hazikuwekwa zote kapu moja. Ibara ya 11 inataja haki ya kufanya kazi, kujielimisha, na kusaidiwa mtu anapozeeka, anapougua au anapokuwa na ulemavu. Hayo ndiyo maendeleo ya jamii yenyewe. Lakini ibara ya 7(2) inafunga mlango: masharti ya sehemu ilimo ibara ya 11 hayatekelezwi na mahakama. Usawa, uhai na mali vimo katika sehemu nyingine, na anayeona vimevunjwa anaweza kwenda Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3).

Udhaifu wa kapu la kwanza tuliuona mkoani Pwani kwetu. Juni 2017, akiwa ziarani, Rais Magufuli alitamka kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ikafungua tena mlango huo. Ulifungwa kwa tamko na ukafunguliwa kwa tamko na waraka. Kilichotolewa kwa waraka, waraka mwingine waweza kukichukua.

Kapu la pili lina meno, na ibara ya 24 ni mojawapo ya meno hayo: hakuna kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa kaskazini, kwamba ardhi inayomilikiwa kimila nayo ni mali inayolindwa na ibara hiyo. Asiye na hati si mvamizi katika shamba la babu yake. Jasho alilolimwaga humo lina thamani hata kama hakujenga kitu.

Mtu atasema mambo yamepinduka: mahakama inakusikiliza kuhusu mnazi, haikusikilizi kuhusu shule. Lakini ukanda huu wetu mnazi ndio unaompeleka mtoto shule. Ada imeondolewa, ila sare, madaftari na nauli vinatoka kwenye nazi, makuti na mbata. Mzee asiye na pensheni anategemea mti uleule. Hivyo ibara ya 24 ndiyo inayoibeba ibara ya 11 mgongoni.

Uzito wa mzigo huo unaonekana kwenye hesabu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya mapema. Kanuni za 2001 zinaichambua: thamani ya soko ya ardhi na vilivyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, ya tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba inahesabiwa. Na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, tathmini ina uhai wa miaka miwili. Ikipita bila malipo, irudiwe.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya mti. Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka sita au saba kuanza kuzaa, na posho ya makazi ni ya miaka mitatu. Pengo hilo linazibwa na bei iliyoandikwa kwa kila mnazi. Ikiandikwa pungufu, mtoto wa darasa la nne leo atafika sekondari bila mti nyuma yake.

Haki hii ina mipaka yake pia. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa. Usitegemee mtu wa mjini akushtakie; utahitaji ushahidi wako mkononi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu miti yako kabla mthamini hajaja, andika, mpe mwenyekiti wa kijiji nakala. Usitie saini fomu ambayo bado ina nafasi wazi.

Na mama? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Lakini fedha hufuata jina lililo kwenye fomu. Mke aliyesuka makuti na kupalilia shina kwa miaka ishirini, jina lake lisipoandikwa, ibara ya 24 itampita mlangoni. Siku ile ya kupiga picha, basi, wanaosimama nyuma ya kibao wawe wawili.